Ramani ya nchi isiyokuwapo: uliza maji yanakwenda wapi

Mwaka 1798 Mwingereza James Rennell, mchora ramani aliyeheshimika sana zama zake, alichora safu ndefu ya milima Afrika Magharibi. Ikaitwa Milima ya Kong. Milima hiyo haikuwapo. Rennell aliamini kwamba Mto Niger hauendi kusini kuingia Ghuba ya Guinea, na mto usiokwenda kusini lazima uwe umezuiwa na kitu, basi akaweka milima ya kuuzuia. Waliomfuata wakanakili, wengine wakairefusha, na karibu miaka 90 ikapita mpaka Mfaransa Louis-Gustave Binger alipopita huko kati ya 1887 na 1889 asiione safu yoyote.

Kila anayeniletea ramani ya nchi yake ya kubuni, iwe ya hadithi au ya mchezo, namsimulia kisa hiki. Rennell aliukosea mto, lakini alifikiri sawasawa: alijua kwamba mto na mlima ni jambo moja, ukigusa huu ule lazima ujibu. Na uongo wake ulidumu muda wote huo kwa sababu ulikuwa na mantiki. Sisi tunaochora nchi zisizokuwapo tunatafuta hicho hicho, uongo unaosimama. Ramani nyingi ninazoona haziangushwi na mkono mbaya wa kuchora. Huangushwa na maji: mto unaopanda mlima, ziwa lenye milango mitatu ya kutokea, msitu mnene mahali ambapo mvua haiwezi kufika.

Vifaa

Karatasi ya A3, penseli ya HB, raba laini, na kalamu mbili za wino usiochuja kwa maji, moja ya 0.1 na nyingine ya 0.5. Vinatosha. Kwa kompyuta kuna Krita na GIMP ambazo ni za bure, na kuna Inkarnate na Wonderdraft ambazo zina milima na miti iliyokwisha kuchorwa. Hizi mbili za mwisho ni nzuri kwa anayekimbizana na muda, ila zina mtego wake: kwa kuwa kupandikiza mlima ni kubofya tu, watu hubofya kabla hawajafikiri. Hata kama utamalizia kwenye kompyuta, rasimu ya kwanza ichore kwa penseli.

Amua nchi iko wapi na ina ukubwa gani

Tuchore nchi moja pamoja. Nitaiita Usimbe. Iko nyuzi tano kusini ya ikweta, bahari iko mashariki yake, na kutoka pwani hadi mpaka wa magharibi ni kilomita 400. Kwenye A3 iliyolazwa, sentimita moja ikiwa kilomita 10, nchi inaingia na ukingo unabaki.

Usiruke hatua hii hata kama inachosha. Bila kipimo hutajua kama ile alama uliyochora ni kilima cha kijiji au ni mlima wa siku tatu. Mtu mwenye mzigo, njia ikiwa nzuri, hutembea kilomita 20 hadi 25 kwa siku. Kwa hiyo kwenye Usimbe siku moja ya safari ni kama sentimita mbili na nusu. Unguja nzima, ambayo ina urefu wa yapata kilomita 85, ingekuwa na sentimita nane na nusu tu. Na hizo ni safari za watu wazima wa afya. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakafika Ujiji Februari 1858, baada ya homa, mvua na wapagazi waliotoroka. Mwandishi anayetaka shujaa wake avuke Usimbe kwa siku nne, mwambie mapema.

Latitudo nayo ina neno lake. Karibu na ikweta hewa yenye joto hupanda na kumwaga mvua. Ikifika jirani na nyuzi 30, kaskazini na kusini, hushuka ikiwa kavu, na ndiko ziliko Sahara na majangwa ya Arabuni. Ukiweka msitu wa mvua kwenye nyuzi 30 magharibi mwa bara, utahitaji maelezo marefu.

Pwani

Makosa ya wanaoanza ni kutetemesha mkono kwa kiwango kile kile kuanzia mwanzo wa pwani hadi mwisho, kama upindo wa kanga uliofumuka. Pwani halisi ina mwendo. Kuna mwambao mrefu wa mchanga ulionyooka, halafu ghafla sehemu iliyovunjika yenye hori, rasi na visiwa vidogo, kisha mchanga tena. Chora mstari mwepesi kwanza, halafu chagua sehemu mbili au tatu tu za kuvunjavunja.

Kwa nchi ya joto kama Usimbe, weka miamba ya matumbawe sambamba na pwani, mstari wa nukunuku umbali mfupi kutoka ufukweni. Mwamba huo ukatike kila penye mlango wa mto, kwa sababu matumbawe hayavumilii maji yasiyo na chumvi yenye tope. Pale ulipokatika ndipo vyombo huingilia, na ndani yake, kwenye tope lililotulia, ndipo mikoko huota. Umeshapata bandari bila kuibuni, mto umekupa. Kama nchi yako iko kwenye baridi kali, sahau matumbawe na mikoko. Huko unaweza kuweka zile ghuba ndefu, nyembamba, zenye magenge pande zote, kama za Norway, lakini zile zilichongwa na barafu. Mahali ambapo barafu haikuwahi kufika hazina sababu ya kuwapo.

Visiwa viwe na asili. Unguja na Pemba zinaonekana kama mtu na mdogo wake, ila mkondo kati ya Unguja na bara ni wa kina kifupi, na ule wa Pemba ni mrefu kwenda chini, mamia ya mita. Zama za barafu, bahari iliposhuka mita 120 hivi, Unguja iliungana na bara na Pemba ikabaki peke yake. Ndiyo maana Unguja ilikuwa na chui na Pemba haikuwa naye. Ukijua kina cha mkondo wako, umejua ni wanyama gani wako kisiwani, na mwandishi atakushukuru.

Milima

Kabla ya kuchora kilele chochote, chora mgongo. Ni mstari mmoja wa penseli, uliopinda kidogo, unaoonyesha safu inapita wapi. Milima haisambazwi kama mbegu za mtama. Hukaa kwenye mistari, kwa sababu ardhi iliinuka au kuvunjika kwa mistari. Safu ya Tao la Mashariki, kutoka Taita na Pare hadi Usambara, Nguru, Uluguru na Udzungwa, ukiiangalia kwa juu utaona upinde ule. Vipande vimeachana, lakini jicho linaunganisha.

Volkano ni habari nyingine. Inaweza kusimama peke yake katikati ya tambarare, kama Kilimanjaro yenye mita 5,895, au kuwa na ndugu zake wachache jirani. Rwenzori, kwa upande mwingine, ina barafu na urefu wa mita 5,109 lakini si volkano. Ni jabali kubwa lililosukumwa juu kando ya Bonde la Ufa. Kwa hiyo mlima mrefu hauhitaji kutoa moshi. Na mlima unaotoa moshi hauhitaji kuwa mrefu sana: Ol Doinyo Lengai haifiki hata mita 3,000.

Jambo linaloipa safu uhai kuliko vyote ni kutolingana kwa pande zake. Ukisimama Mombo ukatazama juu, Usambara ni ukuta. Ukiingia Lushoto ukaelekea ndani, ni vilima na mabonde yanayopishana. Chora upande mmoja uwe genge, mistari mifupi ya wima iliyokaribiana, na upande wa pili ushuke taratibu. Kwenye Usimbe mgongo wangu unapita kaskazini hadi kusini, kilomita 120 kutoka pwani, na genge nimeliweka magharibi. Kusini mwa safu nimeacha pengo la kilomita 15. Pengo hilo litakuja kuwa na kazi.

Ile desturi ya kuzungushia nchi milima pande nne kama ukuta wa boma, naomba tuiache. Anayefanya hivyo huwa anataka nchi isivamiwe. Jangwa, kinamasi au bahari yenye mawimbi vinalinda vile vile.

Upepo

Hapa chora mishale. Itafutwa baadaye, lakini bila hiyo hujui mvua inatoka wapi.

Wanamaji wetu wana maneno mawili ninayoyapenda kwa kazi hii: joshini, upande unaopigwa na upepo, na demani, upande uliofichwa. Upepo unatoka baharini umebeba unyevu, unakutana na mlima, unalazimika kupanda, unapoa, unamwaga mvua joshini. Ukivuka kwenda demani umebaki mkavu. Kilimanjaro inaonyesha jambo hili bila mwalimu: upande wa kusini, Machame na Marangu, ni migomba, kahawa na mifereji, zunguka hadi kaskazini ufike Amboseli, ni vumbi. Vinamasi vilivyoko Amboseli vinalishwa na maji ya mlima ule ule, ila yamepita chini ya ardhi.

Katika Usimbe upepo unatoka mashariki, kama ilivyo kawaida kwenye latitudo zetu. Mashariki ya safu panakuwa na mvua, magharibi panakuwa nyika. Sasa geuza karatasi kichwani mwako: bahari iwe magharibi, upepo ubaki ule ule. Nchi nzima imebadilika, pwani imekauka na bara ndiko kwenye kijani. Kati ya nyuzi 30 na 60 pepo nyingi hutoka magharibi, ndiyo maana kusini mwa Chile magharibi ya Andes kunanyesha mno, na mashariki yake, Patagonia, ni kukavu.

Angalizo moja. Kuwa karibu na bahari si hati ya kupata mvua. Pwani ya Somalia ina bahari mlangoni na bado ni kavu, kwa sababu pepo za kusi na kaskazi hupita sambamba na pwani badala ya kuingia ndani. Na penye mkondo wa maji baridi baharini, kama Namibia, jangwa hushuka hadi ufukweni. Ukitaka jangwa la pwani, una sababu mbili tayari.

Mito

Maji hufuata mkondo, na mkondo hufuata mteremko. Kwa hiyo mto huanzia juu, huishia chini, na njiani hukusanya wenzake. Mito huungana, haigawanyiki. Ukiutazama mfumo wa mto kwa juu, unafanana na mti uliolala: matawi mlimani, shina likielekea baharini. Pale tawimto linapoingia kwenye mto mkuu, ile pembe yao huchonga kuelekea maji yanakokwenda. Kagua ramani yoyote ya mtu anayeanza utakuta pembe zimegeuzwa, na mto unaonekana kama unarudi nyumbani.

Kugawanyika kunaruhusiwa mahali pamoja: delta, mwishoni, ardhi inapokuwa tambarare kabisa na mto umechoka kubeba tope lake. Rufiji hufanya hivyo, ikatoa milango mingi na msitu mkubwa wa mikoko. Kuna vighairi. Casiquiare huko Venezuela hutoka Mto Orinoco ikaenda kuingia kwenye maji ya Amazon. Lakini ni maarufu kwa sababu ni ajabu. Ukitaka ajabu moja kwenye nchi yako, iweke na watu wa nchi hiyo waishangae.

Hatua zenyewe ni hizi. Weka nukta za chemchemi upande wenye mvua, nyingi, tuseme kumi na mbili. Upande mkavu weka tatu. Kutoka kila nukta shuka kwa mstari mwembamba ukitafuta bonde lililo karibu, si bahari. Mto haujui bahari iko wapi. Unajua tu hatua inayofuata ya kushuka. Huu ndio ufunguo wa mito yenye sura ya kweli. Niger huanzia Guinea, yapata kilomita 240 tu kutoka Atlantiki, lakini badala ya kuifuata huelekea bara, hupinda kando ya Sahara, na hufika baharini baada ya kilomita kama 4,180. Hapo ndipo Rennell alipokwama, na si yeye tu. Tana nayo hutoka Aberdare na Mlima Kenya, hufanya kiwiko kikubwa, kisha hukata nyika kavu hadi Kipini. Ukipita kule unaona ukanda mwembamba wa miti ukifuata mto, na nje ya ukanda huo ni vichaka vya miiba. Mto mmoja wa namna hiyo kwenye ramani unafaa kuliko mito minane iliyonyooka.

Mlimani mto uwe umenyooka na mwembamba. Ukifika tambarare uanze kujipindapinda, na unene uongezeke kidogo kila unapopokea mwenzake. Mto wenye unene mmoja tangu chemchemi hadi baharini unafanana na bomba.

Je, mto unaweza kuvuka safu ya milima? Unaweza kupenya, kupitia korongo. Ruaha Mkuu hupita kati ya milima ya Rubeho na Udzungwa. Hii ndiyo kazi ya lile pengo la kusini mwa Usimbe: mto wangu mkuu, Lukonde, unakusanya maji machache ya magharibi, unazunguka mkia wa safu, unapenya pengo, kisha unapokea matawi manono ya mashariki na kumalizia kwenye delta. Pengo likawa korongo, na korongo likawa njia pekee ya kupita bila kupanda.

Si kila mto hufika baharini pia. Okavango huishia kwenye mchanga wa Botswana. Ewaso Ng'iro ya kaskazini, Kenya, huishia kwenye kinamasi cha Lorian. Webi Shabelle hukaribia kabisa pwani jirani na Mogadishu, halafu vilima vya mchanga huizuia, ikageuka kufuata pwani. Na kuna visiwa vyenye milima mirefu na mvua, visivyo na mto wa kudumu hata mmoja: Ngazidja, huko Komoro, ina volkano ya Karthala yenye mita 2,361, lakini miamba yake bado ni michanga kwa umri na ina vitundu, maji hunyonywa moja kwa moja. Watu huko wamezoea birika za kukingia maji ya mvua. Ukichora kisiwa cha volkano changa, jaribu kukinyima mito uone hadithi inavyobadilika.

Maziwa

Ziwa lina milango mingi ya kuingilia na mmoja wa kutokea. Sababu ni nyepesi: maji hutoka penye ukingo mfupi kuliko wote, na yakishaanza kutoka hapo hupachimba, pakazidi kuwa pafupi. Victoria hutokea Jinja. Tanganyika hutokea Lukuga. Nyasa hutokea Shire. Ukiona ziwa lako limetoa mito miwili, futa mmoja.

Ziwa lisilo na mlango hukusanya chumvi, kwa sababu maji huondoka kwa mvuke na madini hubaki. Natron, Eyasi na Magadi ni hayo. (Naivasha haina mlango unaoonekana na bado maji yake si ya chumvi, kwa kuwa yanapenya chini ya ardhi. Ardhi ina njia zake.) Kwa mchora ramani tofauti hii ni ya thamani: kando ya ziwa la maji baridi utaweka vijiji vya wavuvi, kando ya ziwa la magadi utaweka wachimba chumvi na heroe. Umbo nalo lifuate asili. Maziwa yaliyokaa ndani ya ufa ni membamba, marefu na yenye kina. Tanganyika ina urefu wa kilomita 673 na kina kinachofika mita 1,470. Victoria, iliyokaa kwenye sahani pana kati ya matawi mawili ya ufa, ni pana sana lakini kina chake ni kama mita 80 tu.

Mimea

Ukishakuwa na upepo na mito, mimea hujipanga yenyewe. Joshini msitu, demani nyika, kando ya mto ukanda wa miti, kwenye delta mikoko. Mlimani panda kwa ngazi: joto hupungua kwa nyuzi sita hivi kila mita 1,000. Kilimanjaro ina mashamba hadi jirani na mita 1,800, kisha msitu wenye ukungu hadi karibu 3,000, kisha vichaka vifupi, kisha mawe, na barafu juu kabisa. Kwenye ramani ndogo usijaribu kuonyesha ngazi zote. Msitu ukizunguka kiuno cha mlima na kilele kikiachwa cheupe, msomaji ataelewa.

Watu na njia

Mji huwa mahali ulipo kwa sababu fulani, na mara nyingi sababu hiyo tayari umeichora. Bandari iko penye mwamba uliokatika. Kivuko kiko penye mto mwembamba wenye kingo ngumu. Soko liko pale watu wa mlimani wanapokutana na watu wa nyika, kila mmoja akiwa na kitu ambacho mwenzake hana. Tabora haina mto mkubwa, lakini njia za misafara zilikutana hapo. Nairobi ilianza 1899 kama kituo cha reli, kwenye ardhi tambarare ya mwisho kabla ya kupanda kuelekea Bonde la Ufa. Miji ya mwambao ililelewa na pepo: jahazi zilishuka kutoka Arabuni na kaskazi, zikasubiri, zikarudi na kusi. Ule muda wa kusubiri ndio uliojenga nyumba za wageni, ndoa na maneno ya mkopo.

Ramani yangu ya mwanzo kabisa ilikuwa na barabara zilizonyooka kama rula. Nilimwonyesha binamu yangu, dereva wa malori ya masafa. Hakuangalia milima wala misitu. Aliweka kidole kwenye barabara iliyopanda genge moja kwa moja akauliza, "Hapa unashukaje na mzigo?" Mtu aliyeshuka mteremko mkali wa Kitonga na tani 30 nyuma yake ana haki ya kuuliza. Akaendelea: "Na hapa, siku nzima hakuna maji, watu wanalala wapi?" Tangu siku hiyo nachora njia baada ya mito. Njia hufuata bonde, hupanda kwa kona, huvuka mto penye kivuko, na katika nchi kavu huruka kisima hadi kisima hata kama ni kuzunguka. Usimbe ina njia moja kuu tu, na inapita korongo la Lukonde. Anayeshika korongo hilo anashika bei ya chumvi.

Majina

Watu hawapi mahali majina ya kishujaa, hutaja wanachokiona. Mchangani, Mtoni, Kisimani, Maweni, Darajani, Mkokotoni. Angalia yanavyoeleza ardhi bila kuchora. Jina la zamani linaweza kubaki hata kitu kikiondoka: weka Kisimani pasipo na kisima tena, umeandika historia kwa neno moja. Majina ya "Mlima wa Giza la Milele" yawe machache, ikiwezekana sifuri.

Wino

Andika majina kwa penseli kabla hujatia wino chochote, la sivyo utajikuta huna nafasi ya kuandika ila juu ya mlima. Jina la mto lipinde pamoja na mto. Jina la bahari lipewe nafasi pana kati ya herufi.

Anza na pwani kwa kalamu nene, kisha mito kwa nyembamba, kutoka baharini kurudi juu, ukipunguza mkandamizo. Milima ichore kuanzia ya mbele, yaani ya chini kwenye karatasi, kisha ya nyuma ijifiche nyuma yake. Ukianza na ya nyuma mistari itapishana. Kila kilele ni mistari miwili isiyolingana inayokutana juu, na mmoja wa tatu unaoshuka kutoka kileleni kwa kupindapinda, huo ndio mgongo. Tia kivuli upande wa kulia tu, kana kwamba mwanga unatoka juu kushoto. Msitu chora ukingo wake wa chini kwa vichwa vya miti vilivyokaribiana, ndani acha karibu wazi. Anayechora kila mti huishia na doa jeusi na mkono unaouma. Pwani iongezee mistari miwili au mitatu baharini, kila mmoja ukiwa mbali kidogo kuliko uliotangulia. Acha wino ukauke vizuri ndipo ufute penseli. Subiri saa nzima kama hewa ni ya unyevu.

Kabla ya huo wino, lakini, fanya jaribio hili. Funga macho, weka ncha ya penseli popote kwenye nchi kavu. Tone la mvua limeanguka hapo. Lifuate hadi baharini, au hadi kwenye ziwa, au hadi litakaponyonywa na mchanga. Rudia mara kumi. Kwenye Usimbe tone la saba liliniangukia kaskazini magharibi, katikati ya vilima nilivyochora kwa kupendezesha tu, na halikuwa na pa kutokea. Ningeweza kufuta kilima kimoja. Nikachora kinamasi, nikaleta vijito viwili kuishia humo, na mwandishi alipoiona ramani alisoma majina yote, akarudi pale, akauliza ni nani wanaoishi kwenye kile kinamasi.